Mupaka Nilioupanda Nyantende

Nguba, Bukavu
Jumatatu ya Pentekoste

Dada Domitille mupendwa,

Nakuamkia kwa heshima anayostahili mukubwa, na kwa uchokozi kidogo anaoruhusiwa mudogo. Barua hii ikukute unapumua vizuri, miguu imepungua kuvimba, na meza yako ya ndakala, dagaa zako kavu, pale sokoni Kalemie ingali inavuta wateja na nzi kwa kipimo kilekile. Kile kikohozi kimekuacha? Na yule bwana mwenye nyumba, angali anagonga ukuta kila unapowasha redio usikilize misa? Kama angali anagonga, ongeza sauti, umwambie ni mimi niliyekuruhusu. Kalemie ni mbali, hatanifikia.

Sisi huku tuko. Bibi yangu Consolate iko salama, ila goti lake la kushoto limeanza kutabiri mvua, na aibu ni kwamba linatabiri vizuri kunipita mimi mwenye kufundisha biolojia. Watoto wanakusalimu. Mimi nimenenepa. Fundi wa cherehani wa hapa Nguba siku hizi ananipima kwa kunizunguka, na akimaliza anakaa kitako apumzike.

Utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu iko mufukoni. Ku simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, Dada, tangu zamani, na neno nililo nalo leo ni refu, na mwisho wake unahitaji mutu ambaye hawezi kunikatiza. Nimemupa Jean-de-Dieu, yule anayeshuka na bidhaa hadi kwenu, akuletee mukononi. Mupe chai. Usimuulize kitu, hajui kitu.

Nianze na jambo unalolijua, usije ukaona ninalizunguka. Shamba alilotuachia Papa, baba yetu, kule Nyantende, najua lingali linakuuma. Mwaka jana, tulipomaliza matanga ya marehemu bwana yako, na ndugu zake wakakutoa ndani ya nyumba muliyoijenga pamoja, uliomba kipande tu, upande wa chini karibu na chemchemi, ujenge vyumba viwili uzeekee hapo. Baba mudogo Bulonza akajibu mbele ya jamaa yote kwamba binti anapata shamba kule alikoolewa, kwamba hili ni langu mimi mutoto mwanaume, na kwamba Nyantende hakuna mupaka hata mumoja uliopandwa kwa ajili yako. Ukasimama, ukafunga kitenge, ukasema hutakanyaga tena udongo ule, na siku hiyohiyo ukapanda gari la Uvira, njia ya Kalemie. Tangu hapo hatujalitaja. Ninalitaja leo kwa sababu habari yangu yote imetokea juu ya udongo uleule.

Ilianza mwezi wa Januari. Pale shuleni alifika musichana mumoja, Emmanuella, mwenye umri wa mutoto wako Luc, amesoma mambo ya mimea kule Kisangani, anatembea na viatu vya matope na kofia ya muvuvi. Aliwauliza walimu wenzangu kama kuna mutu mwenye shamba lenye maji, nje kidogo ya muji, na mwenye uvumilivu. Wote walinionyesha mimi, kwa sababu ya shamba, wakasema, na kwa sababu ndiye mwalimu pekee wanayemuona akisimama njiani kuzungumza na magugu. Emmanuella akaniita Profesa. Mara ya kwanza nilimurekebisha, nikamwambia mimi ni mwalimu tu wa sekondari. Mara ya pili nilikohoa. Tangu mara ya tatu nimeacha, maana mutu mzima hapaswi kubishana na kila kitu.

Alichokuwa anatafuta ni mahali pa kuweka bustani ya mimea. Nilidhani anasema maua, kama yale ya mbele ya nyumba ya mapadri, yanayomwagiliwa mbele ya wageni. Akasema hapana, Profesa. Kule kwenye visiwa vya ziwa letu, Idjwi na vile vidogo vinavyoizunguka, kuna mimea ambayo haionekani tena, au inaonekana kwenye jiwe moja tu. Watu wameongezeka, mihogo imepanda hadi kwenye kilele, makaa yamechomwa, mbuzi wamemaliza kilichobaki. Anachotaka ni kuleta kidogo kidogo ya kila muti, apande mahali pa salama, ijulikane huu umetoka kisiwa gani, jiwe gani, kivuli gani. Siku kule kwao ikifa, huku kuna watoto wake wa kurudisha. Nikamuuliza kama ni kitu sawa na safina ya Nuhu. Akasema ndiyo, ila bila harufu ya mbuzi.

Dada, unanijua. Mutu akiniambia kuna nyasi inayoota kwenye jiwe moja tu la dunia nzima, mimi nalala vibaya. Kwa nini jiwe lile, na si lile la pembeni? Mbegu ilifikaje, tumboni mwa ndege ama juu ya maji? Na kama ilifika kisiwani, nani aliikataza kufika Nguba, ambapo mimi nimekaa miaka yote hii nikiangalia ziwa kama mutu aliyepoteza ufunguo? Nilimuonyesha shamba lote, toka juu barabarani hadi chini kwenye chemchemi. Alifurahi zaidi na kule chini. Akasema kangaga na zile zinazopenda unyevu zitakaa pale, zile za mawe zitakaa juu kwenye jua. Jina lako sikulitaja. Lilikuwa mudomoni, likabaki pale.

Mwezi wa pili tulivuka hadi Idjwi na boti, halafu tukachukua pirogi, mutumbwi wa makasia, kwenda kisiwa kimoja kidogo, wenyewe wanakiita Nyabishwa, ambacho ukikizunguka kwa miguu unarudi mahali pako kabla jasho halijakauka. Sitakueleza jinsi nilivyoshuka. Consolate atakueleza, na kila akieleza maji yanaongezeka kimo. Nitasema tu kwamba pirogi ilikuwa upande mumoja na mwalimu upande mwingine, na wamama waliokuwa wanaanika sambaza, vile visamaki vya ziwa, pale pwani waliacha kazi yao ili wacheke vizuri. Mumoja akauliza kama ndivyo watu wa Bukavu wanavyosalimia. Mwingine alipoona tunachimba na vijiko na kufunga mizizi ndani ya majani ya ndizi, akataka kujua tumevuka ziwa lote kuja kuiba nyasi? Emmanuella akamwambia hatuibi, Maman, tunaazima. Yule mama akashika kiuno, akasema basi sawa, mutarudisha lini? Jioni, ndani ya boti, musichana wa watu akaniambia kwamba katika mikutano yote aliyohudhuria, hakuna aliyemuuliza swali zuri kupita lile.

Tulirudi na mambo ambayo nataka uyaone kwa macho. Kangaga yenye majani membamba kama nyuzi za buibui. Ua dogo jeupe linalokaa juu ya muti mwingine bila kuula, kama mugeni mwenye adabu. Na muti mumoja ambao ulinifurahisha kushinda yote, wenye majani marefu kama upanga, na katikati ya kila jani mustari mwekundu, kama mutu amepitisha kalamu. Emmanuella hajaukuta mahali pengine. Unakata kijiti, unachomeka udongoni, na baada ya wiki chache kimeshika. Nilivijaza vijiti vile ndani ya ndoo zote za nyumbani, mpaka Consolate akauliza ataogea wapi.

Sasa ninafika mahali pa kucheka, na wa kuchekwa ni mimi.

Baada ya Pasaka, mvua zilikuwa zinanyesha bila huruma na udongo wa Nyantende ulianza kushuka. Emmanuella alikuwa na mukutano, akanitumia ujumbe kwamba ni lazima nipande mustari wa kukata mulima, kushoto hadi kulia, ili ushike udongo, na kwamba muti wa kupanda nichague mwenyewe, Profesa. Profesa akachagua. Ule wa mustari mwekundu unashika haraka, mizizi yake ni mingi, na nilikuwa navyo vijiti vingi. Nikabeba ndoo zangu siku ya Jumamosi, nikafunga kamba toka upande huu hadi upande ule, maana nilitaka mustari ulionyooka, kitu cha kuonyesha wageni, nikaanza kuchomeka.

Umekwisha kuelewa, najua. Hapo ulipo unapiga paja. Majani marefu kama upanga, Dada! Nani mu nchi yetu nzima ya Bushi asiyejua muti wenye majani marefu kama upanga unapandwa wapi? Ule wa kwetu hauna ule mustari mwekundu, lakini ni ndugu yake wa tumbo moja, na kila mahali mashamba mawili yanapokutana ndio unasimama. Mutoto wa kuchunga mbuzi anajua kwamba ukiupanda kwa mustari mbele za watu, umegawa shamba. Mimi nilikuwa na jina lake la Kilatini kichwani, na lilikuwa limejaza nafasi yote.

Ingekuwa kuchomeka peke yake, labda. Lakini watu walikuwa wanarudi sokoni, wakasimama kuangalia. Wakaweka mizigo chini. Muzee Cyprien, ambaye shamba lake linapakana na letu, akashika upande mumoja wa kamba bila kuombwa. Wengine wakachukua ndoo. Nilifurahi sana, nikajisemea kumbe watu wa hapa wanapenda elimu. Na kwa sababu Papa alitufundisha kwamba mutu akikusaidia shambani usimwache aende na koo kavu, nikatuma kwa Maman Rosette, jirani wetu wa njia ya chini, atuletee bidon ya kasiksi, dumu zima la pombe ya ndizi.

Muti wa mupaka, majirani wote wamesimama, na kasiksi ya mashahidi juu yake. Kilichobaki ni padri tu.

Walikunywa polepole, wengine upande wa juu wa kamba, wengine upande wa chini. Niliona wamekuwa watulivu, hakuna anayetania. Muzee Cyprien akamwaga kidogo chini, halafu akaniuliza yule mwenzangu atakunywa lini. Nilidhani anamuulizia Emmanuella. Nikamjibu atakuja tu, iko mu mukutano. Wakatazamana. Muzee akasema sawa, tutangoja.

Baba mudogo Bulonza hakuwepo siku zile, alikuwa kule Kasha kwa binti yake, anauguza mugongo. Aliporudi Nyantende, habari ilimupokea barabarani kabla ya jamaa. Jumapili ya kabla ya Pentekoste akatoka misa na suti yake ya bluu, akapanda pikipiki, akanikuta shambani nimepiga magoti mbele ya kangaga. Majirani walikuwa wamemutangulia. Sijui nani aliwaita, lakini walikuwa wamevaa vizuri. Akaniuliza, bila hata kunisalimu, nimepanda mupaka na nani. Nikamwambia ni bustani, Baba mudogo, ni mimea ya visiwa, ni ya kushika udongo. Akasema hakuulizia udongo. Mupaka una pande mbili, huwezi kupakana na wewe mwenyewe. Watu wanasema Gracien amegawa shamba la marehemu baba yake na kuuza upande wa chemchemi kwa wazungu wa yule musichana mwenye kofia. Nikamwambia yule musichana hana muzungu hata mumoja, ana kofia tu. Hakucheka. Akataka kujua, kama sijauza, nimewanywesha watu kasiksi ya nini. Ya jasho lao, nikasema. Hapo Maman Rosette akaingilia toka nyuma, mikono kifuani, kwamba kasiksi ile aliikamua yeye mwenyewe, na alipoambiwa ni ya wapi na watu wamesimama namna gani, alichagua ile iliyoiva. Haikuwa kasiksi ya maua.

Ikawa zogo. Huyu anasema tulikunywa, mupaka upo. Yule anasema mupaka ulionywewa na upande mumoja ni mupaka wa mbuzi. Baba mudogo akainua fimbo, akasema nitaje jina la mutu wa upande wa pili, ama ning'oe vijiti vile mbele ya macho yaleyale yaliyoviona vikipandwa. Kila mutu akaniangalia, hata kuku wa Maman Rosette.

Nikasema nimepakana na dada yangu, Domitille. Upande wa chini ni wake.

Baba mudogo akaniangalia muda murefu, kama mutu anayejaribu kukumbuka nilizaliwa siku gani. Akasema binti. Nikasema ndiyo, binti. Akasema na wewe ndiye mwenye shamba, umetoa kwa hiari yako, huna homa? Nikasema sina homa, na mwenye shamba mulisema ninyi mwaka jana kwamba ni mimi. Muzee Cyprien akakohoa, akasema yeye alishika kamba, hawezi kusema hakuishika. Na wengine mumoja mumoja wakasema walikunywa. Baba mudogo akavaa kofia. Kabla ya kupanda pikipiki akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba huyo Domitille na aje basi anywe mwenyewe, maana yeye hataki mipaka ya nusu katika jamaa yake. Hakusema usije. Nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi, nikiyageuza kama mutu anayekagua nyanya sokoni, na hayana mahali yanaposema usije.

Emmanuella nilimweleza kesho yake. Alicheka hadi akakaa chini. Consolate naye alicheka, halafu akaingia jikoni, nikamusikia anapuliza pua. Wote wawili wanasimulia sasa kwamba Gracien alibanwa, akaogopa miti yake isife, jina la dada likamuponyoka. Ni hadithi nzuri. Inanifaa, ina mutu munene na mwoga ndani yake, kila mutu anaitambua. Nimewaacha waisimulie.

Kwako wewe sitaiacha, kwa sababu si kweli.

Miti ile isingekufa. Emmanuella alikuwa ameniambia tangu kisiwani kwamba unaweza kuung'oa, ukausahau juu ya ukuta wiki nzima, ukauchomeka tena, ukaota kama hakuna kilichotokea. Na mulango wa kutokea nilikuwa nao, mupana. Baba mudogo mwenyewe aliufungua. Katikati ya zogo alinivuta pembeni, akanong'ona kwamba niseme tu nilipotea, nilikaa mujini mpaka nikasahau miti ya kwetu, watu watacheka, tutanywa tena, yataisha. Alinong'ona kwa upole, Dada, hataki kuona mutoto wa kaka yake akiaibika. Kuchekwa si kitu kigeni kwangu. Ningeweza.

Tena kuna zaidi. Nimekuambia hapo juu kwamba siku ile ya kupanda, Muzee Cyprien aliponiuliza mwenzangu atakunywa lini, nilidhani anamuulizia Emmanuella. Ni kweli, kwa muda wa kumeza funda moja. Niliposhusha kikombe niliona nyuso zao, nikaona ile kasiksi iliyomwagwa chini, nikaona majani yangu marefu yamesimama, na akili ikarudi yote kwa mara moja. Nilijua nimefanya nini. Na mustari ulikuwa haujafika mwisho, ulikuwa nusu. Ningeweza kufungua kamba nikacheka. Badala yake nikamwomba Muzee Cyprien asogeze upande wake wa kamba juu, hatua kadhaa, kupita ule muti wa avoka. Hakuuliza kwa nini. Namna ilivyokuwa imefungwa mwanzo, kamba ilikuwa inakata katikati ya chemchemi. Namna tulivyoisogeza, chemchemi yote imebaki upande wa chini, na pale pa tambarare, panapotosha vyumba viwili na jiko. Halafu nikachomeka vijiti vilivyobaki, nikaagiza bidon ya pili.

Kwa hiyo kosa lilikuwa kosa mpaka nusu ya shamba tu. Nusu ya pili niliipanda nikijua. Usiniulize kwa nini sikusimama mbele ya jamaa nikasema maneno wazi kama mwanaume. Mimi nikibishana na Baba mudogo sauti inapanda, inakuwa ya mbuzi, na nimekwisha kushindwa kabla ya hoja ya kwanza. Lakini kupanda naweza. Na kunywa, umekwisha kuona, naweza pia.

Sasa kuna jambo ambalo lazima ulipime wewe, na usilipime kwa hasira wala kwa kunionea huruma. Niligawa bila kukuuliza. Ulisema hutakanyaga tena, na mimi nimeweka jina lako pale chini kama mutu anayemufunga mwenzake kamba muguuni akiwa amelala. Kama hutaki, sema hutaki, nitakwenda kwa Baba mudogo nitachekwa, nilivyopaswa kuchekwa.

Na kama unataka, jua kwamba nusu ya bustani iko kwako. Kangaga zote ziko kwako. Lile ua jeupe la adabu liko kwako, juu ya muti unaoinamia chemchemi. Emmanuella ameacha kucheka, ameanza kuuliza mwenye upande wa chini ni mama wa namna gani, kama ana moyo wa mimea. Nilimwambia una moyo wa ndakala, lakini ni moyo mukubwa. Ana wasiwasi, masikini, na mimi ninao, sitakuficha; hajapata mahali pengine penye maji kama yale, na kule Nyabishwa wametuambia mihogo imekwisha kufika kwenye lile jiwe letu. Naipenda bustani hii kuliko ninavyopaswa kupenda majani. Lakini sikuigawa ili unilipe kwa kuniazima. Ukisema jiko lako litakaa pale penye kangaga, kangaga zitahama. Zimekwisha kuvuka ziwa, zitavuka njia. Ukisema zibaki, tutakaa mimi na wewe tupange ni wapi zinaishia na wapi unaanza muhogo wako, na usidhani sijui kwamba utanipunja.

Jambo moja tu, kisha ninakuacha. Jana, baada ya misa, nilishuka Nyantende kuangalia vijiti. Vimeshika, karibu vyote. Nikamukuta Maman Rosette amesimama na bidon yake ya maji, upande wa juu wa mustari, anangoja. Toka zamani amekuwa akipita mule kwenda chemchemi, hata siku za Papa. Nikamwambia apite tu, Maman, tangu lini unaomba njia? Akatikisa kichwa. Akasema mimi simuhusu, mimi ni wa upande huu. Anachotaka kujua ni mwenye upande wa chini atakuja lini, amuombe njia. Akageuka, akaenda kuchota kule mbali, kwenye muto, na mimi nikabaki pale nimesimama na kofia mukononi.

Nisalimie Luc, umwambie mujomba wake angali anakula. Salamu kwa wamama wa meza za jirani, hata yule unayegombana naye. Consolate anakukumbatia, na anasema usilete ndakala nyingi, halafu anasema lete. Mungu akulinde njiani, kama kutakuwa na njia.

Mimi ni mudogo wako, na jirani yako wa upande wa juu,

Gracien